Uso wa Safi

Butembo, siku ya thelathini na nane tangu maziko

Papa Gamaliel,

Katika chama chetu cha wasafirishaji mimi ndiye katibu, na katika droo yangu kuna barua ya rambirambi iliyokwisha kuandikwa. Tunabadilisha jina la marehemu na tarehe, tunapiga muhuri, tunatia ndani ya bahasha. Miaka hii imetoka kwenye hiyo droo mara nyingi mno, hata pembe za karatasi zimelika. Ile ya mwanao Ésaïe uliipokea siku ya maziko. Nilikukabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, na wewe ukaniita mwanangu.

Hii ni nyingine. Hii nimeiandika kwa mkono wangu na haina muhuri.

Jumamosi mnaondoa kilio. Nimeambiwa kwamba baada ya maombi familia itakaa, na binti yako Falonne, shangazi wa watoto, atasimama kueleza kifo kilitoka wapi. Kisha Mélanie, mjane wake, atapewa vitu vyake arudishwe kwao Kipese, na watoto watatu watabaki kwenu Beni. Nakuomba, kabla neno hilo halijakatwa, usome barua hii mbele ya watu wote, na Mélanie awe amekaa pale pale, si jikoni. Nimempelekea yeye nakala. Sikufanya hivyo kwa kukudharau. Nimefanya kwa sababu najijua: nikiachiwa mlango mmoja wazi, nitatokea hapo hapo.

Mélanie hakumfukuza mume wake. Aliyemtoa Ésaïe nyumbani asubuhi ile ni mimi.

Sasa unajua. Ukitaka kuichana barua, ichane ukiisha kuisoma kwa sauti. Lakini ili unielewe inabidi nianze mbali kidogo, kwenye ule ukuta.

Tulikuwa na miaka kumi na moja. Karakana yako pale Matonge, Beni, ilitazamana na depo ya baba yangu, Hadji Daudi, barabara ya vumbi katikati. Asubuhi nyinyi mlianza na randa, sisi tukaanza kupakua maharagwe yaliyotoka Kayna na Kipese, na sisi watoto wawili tulikuwa mali ya pande zote mbili. Kwenu nilikula wali wa Noeli. Kwetu Ésaïe alikula nyama ya Idi kunishinda mimi mwenye dini.

Mkono wa mtoto wako haukujua kutulia. Alichora kwa makaa ya jikoni, ya mbabula, juu ya kila ubao uliouacha bila mlinzi, na wewe ukawa unalalamika kwamba wateja wanaletewa kabati zenye kuku kwenye milango. Siku moja nami nilijaribu kuchora mbuzi. Ésaïe aliinamisha kichwa, akaangalia sana.

“Lukman,” alisema, “hii ni mbuzi ao ni meza?”

Tangu siku hiyo jina langu kwake lilikuwa Meza, na mbele za watu hakulitaja. Lilikuwa letu wawili.

Basi ikafika Idi, na baba akapaka chokaa ukuta wa depo. Ulikuwa mweupe kabisa. Mimi ndiye niliyemwambia Ésaïe amchore mdogo wangu wa kike, Safi, pale. Yeye alikataa mara mbili. Alijua kwamba katika nyumba yetu hakuna picha ya kiumbe chenye roho. Hata kalenda ya duka yenye ng'ombe baba aliigeuza, tukawa tunahesabu siku kwa kubahatisha. Nilimwambia anaogopa. Nilimwambia fundi wa kweli haogopi ukuta. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini ulimi wangu tayari ulijua kazi yake.

Safi alikuwa na miaka saba. Nilimkalisha juu ya gunia la maharagwe na kumpa muwa, kipande kwa kipande, ili asitikisike. Ésaïe alimaliza kabla muwa haujaisha. Papa, alikuwa yeye: shavu lililovimba kwa muwa, nywele zilizokataa kusukwa, sikio la kushoto lenye kovu mahali ambapo jogoo alimdonoa. Safi aliteremka, akajiangalia, akacheka mpaka muwa ukamtoka mdomoni.

Baba alirudi kutoka msikitini akakuta hivyo. Hakupiga kelele. Aliangalia mikono ya Ésaïe, ilikuwa myeusi. Yangu ilikuwa na utamu tu. Akamshika mkono akamvusha barabara mpaka kwako.

Unakumbuka. Uliweka randa chini, ukachukua ile mita ndefu ya mbao. Wateja walikuwepo. Ulisema mtoto wa mzee wa kanisa hawezi kuchafua nyumba ya dini ya watu, ukamchapa, na kwa kila fimbo ukauliza.

“Nani alikutuma?”

“Hakuna mutu, papa.”

“Nani alikutuma?”

“Hakuna mutu.”

Fimbo kumi na mbili. Nilizihesabu nikiwa mlangoni pa karakana, kipande cha muwa mkononi. Hakuniangalia hata mara moja, kwa sababu alijua kwamba akiniangalia wewe utaelewa. Na mimi nilinyamaza. Ulimchapa mtoto asiye na kosa, Papa, na kosa hilo si lako. Uliuliza vizuri. Aliyepaswa kujibu alikuwa hatua tatu kutoka kwako.

Kesho yake nilimwendea nikilia. Alikuwa amelala kifudifudi, lakini akanicheka.

“Hapana kulia, Meza. Fimbo ya papa yangu niliizoea. Ya baba yako ndiyo sijui.”

Nilidhani jambo lile liliisha hapo. Halikuisha. Lilinifundisha kwamba nikinyamaza Ésaïe atabeba, na somo hilo nilikua nalo.

Baba alipaka chokaa juu ya uso wa Safi mara mbili. Makaa hayakubali chokaa. Kila mvua zilipopita, ukuta ulibanduka kidogo, na shavu likatokea, au sikio. Mwaka uliofuata, wakati wa vita, surua ilimchukua Safi kwa siku tatu. Hatukuwa na picha yake yoyote. Mama yangu, Asma, akahamishia kazi yake ya kuchambua maharagwe mbele ya ukuta ule. Baba aliona, na hakupaka chokaa tena. Baadaye barabara ilipanuliwa na ukuta ukabomolewa. Mauaji ya Beni yalipozidi tulihamia Butembo, na sikufikiria tena habari ya ukuta.

Ésaïe alibaki. Unajua kuliko mimi alivyokuwa. Alianza na vibao vya saluni na vya duka za dawa, akachora tai kwenye milango ya malori yangu yote mawili, na mbele ya kila mteja wangu alisema kwamba tai wale ndio pekee wanaofika kwa wakati. Kisha ikaja miaka ambayo wewe ulipiga randa misalaba na yeye akaandika majina. Mafundi wengine waliweka mbao nyeupe tayari, kumi au ishirini, wakisubiri. Yeye alikataa. Alisema ubao ulio tayari unaita mtu.

Familia zikaanza kumletea kadi za uchaguzi za marehemu wao ili awachoree sura. Zile kadi unazijua, picha inafutika mfukoni mpaka kinabaki kivuli. Mara moja alimchora msichana kutoka kwenye kivuli kama hicho, macho na yote. Mama wa msichana aliangalia kisha akasema, “Huyu ananiangalia, lakini hanijui.” Ésaïe aliurudisha ubao nyumbani. Tangu hapo alijiwekea sheria, na aliniambia mara nyingi, kwa sababu nilimtania kwayo.

“Macho ya mutu mwenye alikufa hapana kuyachora peke yako. Mutu mwenye alimujua aikale pembeni yako, aseme: ndiye.”

Sheria hiyo ndiyo iliyomfanya asafiri. Ubao wangemletea mama kwa basi, au kwa lori langu. Macho hayakuweza kuja kwa lori.

Mwezi wa pili mama yangu aliugua. Asubuhi moja aliniita kitandani.

“Lukman, Safi ananitoka,” alisema. “Jina niko nayo. Sauti niko nayo. Uso haiko tena.”

Sijawahi kusikia neno baya kuliko hilo, na nimesikia mengi. Nilitoka nje nikampigia Ésaïe simu, nikamwuliza kama yeye anaukumbuka.

“Ule uso?” alisema. “Ule uso ulinipatisha fimbo kumi na mbili. Utanitoka namna gani?”

Akaanza siku hiyo hiyo, juu ya kipande cha triplex, ule ubao mwembamba. Na mimi nikamwekea sharti: asimwambie mtu yeyote, hata Mélanie. Niliogopa baba. Hadji Daudi sasa ni mzee wa msikiti hapa, na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa mwenye malori mawili, niliogopa macho ya baba yangu kama siku ile ya chokaa. Ésaïe akafunika ubao kwa kitenge, na kila Mélanie alipouliza alijibu kwamba ni kazi ya mtu. Mke alijua kuna siri. Hakujua ni ya nani.

Wiki ile ya mwisho daktari alisema mama ana siku tatu, labda nne. Jumatano Ésaïe aliniambia uso umekwisha, umebaki macho, lakini Beni wanasema njia haiko vizuri, atakuja Jumamosi. Alhamisi asubuhi mama aliamka akili imetulia, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku nyingi. Aliuliza, “Safi anakuja leo?” Nikafikiri, leo ndiyo siku, kesho hatakuwepo. Saa kumi na mbili na dakika ishirini nilimpigia Ésaïe.

“Mama hataona samedi,” nilimwambia. “Kuja leo.”

“Njia iko aje?” aliuliza.

“Iko bien, iko muzuri.”

Kuna jambo nimelipita hapa. Nitalirudia. Niache kwanza nimalize haya mengine, maana ndilo zito kuliko yote na bado natafuta namna ya kulinyanyua.

Wauaji waliwasimamisha kwenye kona, yeye na dereva wa pikipiki, kama nusu ya safari. Zaidi ya hapo wewe ulimwosha, unajua kuliko mimi.

Mchana namba nisiyoijua ilinipigia. Alikuwa lieutenant mmoja wa jeshi, Grady, mtu aliyeletwa huku kutoka Kinshasa.

“Ndeko, niko na libaya moja hapa,” alisema, yaani ubao. “Banaandika numero yako nyuma yake, na jina, Meza. Meza ezali nani?”

“Ni mimi.”

Nilikwenda mpaka kizuizi chao. Kitenge wauaji walikichukua, ubao waliutupa kwenye mtaro. Yule askari alikuwa ameufuta matope kwa mkono wa shati lake. Aliniuliza kama nilimjua mtu aliyeubeba.

“Ni fundi tu,” nilijibu. “Nilimupatia kazi.”

Alinipa pole hata hivyo. Yeye, mgeni, alikuwa na huzuni kwa ajili ya Ésaïe, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujificha. Nakuambia hivi ili usifikiri kwamba kunyamaza kwangu ulikuwa mshtuko. Mshtuko hausemi “fundi tu”.

Kisha tukamzika. Ulipiga randa msalaba wa mwanao mwenyewe, na mwandishi wa majina ndiye aliyelala ndani ya sanduku. Mélanie akachukua brashi ya mumewe akaandika. Herufi ziliteremka upande wa kulia. Nilimsikia Falonne akinong'ona kwamba hata jina la mume wake ameliandika bila moyo. Mimi nilikuwa karibu, nilimwona: mkono wa kuume ulitetemeka na alikuwa ameushika kwa ule wa kushoto.

Siku ya tatu, kwenye moto wa kilio, Falonne alisema mbele ya wanaume wote.

“Bajirani bote balisikia. Asubuhi mapema, makelele mpaka ku barabara. Mwanaume akitoka ku nyumba na hasira, njia inamukula.”

Mélanie alikuwa amekaa chini. Alisema taratibu kwamba hakumfukuza.

“Mutu alimupigia simu,” alisema. “Nilimulomba ataje jina, alikatala.”

“Mutu gani?” Falonne aliuliza. “Muonyeshe.”

Mélanie akazungusha macho, uso mmoja baada ya mwingine, wote tuliokaa pale. Yalinifikia, yakapita. Hakuweza kufikiri kwamba ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelipa jeneza na kulia kuliko wengi. Nilikuwa na kikombe cha chai. Nilikunywa. Unajua nilichokumbuka wakati ule? Muwa. Nilikuwa tena mlangoni pa karakana, na kitu kitamu mkononi, na mtu mwingine anaulizwa swali langu.

Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilificha hata ndani ya kilio chenyewe. Nilirudi Butembo nikawa nakula na kulala. Mpaka wiki iliyopita, mtu alipokuja ofisini akaniambia habari ya Kipese, akasema mtoto mkubwa, Lévi, amekataa kula tangu aliposikia kwamba mama yake anaondoka. Ndipo nikafungua droo, nikaiona ile barua ya chama, nikachukia mwandiko wangu.

Na sasa habari za ubao, kwa sababu utauliza kama angalau ulisaidia kitu.

Nilimpelekea mama jioni ile ile, bila kumwambia yaliyotokea. Aliupapasa. Kidole kilifika kwenye sikio la kushoto kikasimama.

“Ndiye,” alisema. “Jogoo alimudonoa hapa.” Halafu akasema, “Macho iko wapi?”

Nilimjibu kwamba Ésaïe atakuja kuyamaliza.

Siku ya pili baba aliingia bila kubisha akamkuta mama ameukumbatia ubao. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hadji Daudi aliuangalia ubao, akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

“Juu ya nini mulinificha?” aliniuliza. “Mimi pia nilisha kumusahau.”

Papa Gamaliel, siri niliyomfungia mtoto wako mdomoni, mwenye kuogopwa hakuwa na shida nayo. Na mama hakufa. Daktari alikosea. Ni siku ya arobaini na moja tangu alipopewa siku nne, anakula uji na kunigombeza kwamba sukari ni kidogo. Kila asubuhi ananiuliza Ésaïe atakuja lini kumaliza macho. Kila asubuhi namjibu, kesho. Angekuja Jumamosi, kama alivyotaka, angemkuta mama amekaa. Angechora macho yale, angekula kwetu, angenitania, angerudi kwa mke wake.

Nafika sasa kwenye lile jambo nililolipita.

Sisi watu wa barabara tuna namna yetu ya kujua njia. Hatungoji redio. Alfajiri tunasimama mahali magari ya upande wa pili yanapotokea, tunahesabu. Gari la kwanza kutoka Beni likifika, tunawasha injini. Lisipofika, tunasema njia imenyamaza, na njia ikinyamaza hakuna dereva mwenye akili anayeondoka. Hata mtoto wa depo anajua hivyo.

Alhamisi ile lori langu lilikuwa limepakia saruji kwenda Beni. Saa kumi na mbili kamili dereva wangu, Éliakim, alinipigia.

“Patron, njia inanyamaza,” alisema. “Hata moja haijatoka Beni. Mimi leo hapana kwenda.”

“Rudisha gari ku parking,” nilimwambia.

Hiyo ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Dakika ishirini baadaye Ésaïe aliniuliza njia iko aje, nikamwambia iko bien.

Nililificha lori langu na saruji yangu, nikamwita rafiki yangu kwenye njia niliyojua imenyamaza. Nilijiambia kwamba lori huchomwa lakini pikipiki hupenya, kama tunavyosema sisi. Nilijiambia kwamba mama anakufa. Nilijiambia mengi ndani ya dakika ishirini, na hakuna hata moja nililomwambia yeye. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wakubwa. Yangu ilikuwa kilomita hamsini na nne, na nilimpa mtu mwingine aitembee.

Bado kitu kimoja, na ndicho nilichoandikia barua hii yote.

Yale makelele ambayo majirani walisikia, mimi niliyasikia kuliko wao. Ésaïe alitia simu mfukoni mwa shati bila kuikata. Nilikuwa ndani ya mfuko ule. Kwa hiyo mimi ni shahidi, Papa, na nakuandikia neno kwa neno, na Mélanie atakuambia kama nimeongeza au nimepunguza.

Mélanie alisema, “Papa Lévi, leo hapana. Ngoja hata kesho. Nakulomba.”

Nilisikia kishindo kwenye mbao. Nadhani alikuwa ameuegemea mlango kwa mgongo wake. Mtoto mdogo alianza kulia. Ndipo akapaza sauti, na hapo ndipo majirani waliposikia.

“Ni nani huyu anakuita ku njia sawa hii? Taja jina yake. Taja, nimupigie mimi mwenyewe.”

Ésaïe hakulitaja. Kama siku ile ya fimbo, hakulitaja. Alisema polepole, nilimsikia anafunga kamba ya ubao mgongoni huku anasema:

“Acha woga, Mama Lévi. Mwenye ananiita ni mutu wa njia, anaijua kushinda sisi bote. Na tulikomaa pamoja. Hawezi kunidanganya.”

Alikuwa bado hajafungua mlango. Simu ilikuwa bado imeunganishwa. Ningeweza kupiga kelele humo mfukoni, naye angenisikia.

Nilikata simu.

Jumamosi nitasimama nje ya lango la parcelle yenu tangu asubuhi. Soma kwanza. Mkimaliza, Mélanie ndiye aseme kama niingie.

Lukman wa Hadji Daudi